Jangwa lenye wenyewe

Kusini mwa Rasi ya Uarabuni limetandaa eneo kubwa kuliko yote duniani la mchanga ulioungana, linalokadiriwa kuwa na kilomita za mraba 650,000, ambazo ni nyingi kuliko za Kenya yote, na ambalo limegawanywa baina ya Saudia, Omani, Yemeni na Umoja wa Falme za Kiarabu. Katika ramani huitwa Rub' al Khali, yaani Robo Tupu, na jina hilo limewafaa sana watu wa mbali, kwa kuwa mahali panapoaminika kuwa patupu hapamgharimu mtu kitu anapopachimba, anapopagawa au anapopasahau. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jangwa hili halijapata kuwa tupu, kwamba lilikuwa na wenyewe waliolijua kisima kwa kisima na kichaka kwa kichaka, na kwamba hasara kubwa zilizotokana nalo katika miaka sabini iliyopita, mojawapo ikiwa imefika hadi mashamba ya Kenya na Uganda, zilitokea pale ambapo macho ya wenyewe hao yaliondoka au yalidharauliwa bila kuwekwa mengine mahali pake.

Jangwa lenyewe ni changa kuliko linavyoonekana. Kwenye mabonde ya udongo mgumu yaliyo baina ya matuta, wanajiolojia, akiwemo Hal McClure ambaye utafiti wake ndio uliofungua njia, wamekuta sakafu za maziwa yaliyokauka, na ndani yake magamba ya konokono wa maji baridi, meno ya kiboko na mifupa ya nyati wa majini. Maziwa hayo yalijaa na kukauka zaidi ya mara moja, na kipindi cha mwisho cha neema kilianza kiasi cha miaka 10,000 iliyopita na kumalizika kiasi cha miaka 5,000 iliyopita, wakati ambapo wawindaji walipiga kambi kando ya ziwa Mundafan, upande wa magharibi, wakaacha ncha za mishale yao ya mawe zikisubiri kuokotwa. Aliyeleta maji hayo ni kusi, upepo uleule uliokuwa ukiyasukuma majahazi kutoka Unguja na Lamu kurudi Uarabuni. Dunia huyumba polepole katika mhimili wake, kwa mzunguko unaochukua zaidi ya miaka 20,000, na mwendo huo hufanya majira ya joto ya upande wa kaskazini yawe makali zaidi katika zama fulani. Nchi kavu ikichomwa hivyo, hewa yake hupanda na kuivuta kusi pamoja na mvua zake hadi ndani kabisa ya rasi. Siku hizi kusi hugusa ukingo tu. Kati ya Juni na Septemba huinyunyizia manyunyu milima ya Dhofar, kusini mwa Omani, ikageuka kijani kwa majira ambayo wenyeji huyaita khareef, lakini nyuma ya milima hiyohiyo, mahali ambapo mvua haivuki, huanza nchi kame ya miti ya ubani, na baada ya ubani ni mchanga mtupu.

Hata mchanga huo una nasaba ya kushangaza. Zama za barafu zilipoyafungia maji mengi ya dunia katika ncha zake, usawa wa bahari ulishuka kwa zaidi ya mita 100, na Ghuba ya Uajemi, ambayo ina kina kidogo, ikabaki bonde lililo wazi. Pepo za kaskazini zikakokota mchanga wa bonde hilo kwenda kusini, hivyo kwamba sehemu ya matuta yanayotembelewa leo na ngamia imetoka katika sakafu ya bahari. Baadhi ya matuta hayo hufika urefu wa mita 250. Yako yenye umbo la mwezi mwandamo, yanayosogezwa na upepo wa upande mmoja. Yako marefu yanayokwenda sambamba kwa makumi ya kilomita. Na yako yenye umbo la nyota, ambayo upepo wa pande nyingi huyarundika juu badala ya kuyahamisha, na ambayo kwa sababu hiyo hukaa mahali pamoja vizazi na vizazi, yakapewa majina na kutumiwa kama alama za njia. Upande wa mashariki, ndani ya Omani, kuna Umm al-Samim, tambarare kubwa ya chumvi ambayo ganda lake la juu huonekana gumu huku chini yake kukiwa na tope linaloweza kummeza ngamia na mzigo wake.

Mchanga, kinyume na inavyodhaniwa, ni mweka akiba hodari wa maji. Mvua ikinyesha juu ya udongo mgumu hukaa juu na kuyeyukia hewani, lakini ikinyesha juu ya tuta huzama upesi kupitia nafasi zilizo kati ya chembe, kisha chembe za juu hukauka na kuwa kifuniko kinachozuia unyevu wa chini usipande. Ndiyo maana kichaka cha abal, chenye mizizi inayosambaa mbali, husitawi juu ya tuta mahali ambapo bonde lililo chini yake ni jeupe na halina hata jani. Mvua kwa wastani haizidi milimita 50 kwa mwaka, na wastani huo nao hudanganya, kwa kuwa wilaya nzima inaweza kukaa miaka kadhaa bila tone, kisha ikapata kwa alasiri moja mvua ya miaka mitatu. Mtaalamu wa mimea James Mandaville aliorodhesha aina 37 tu za mimea ya maua katika eneo lote hilo, idadi inayoweza kupatikana katika ekari chache za msitu wa Usambara, lakini aina hizo chache zina ustahimilivu wa ajabu: zahra, mmea mdogo wa maua ya manjano ambao ngamia huupenda kupita yote, huchipua siku chache baada ya mvua, na malisho yaliyotokana na mvua moja nzuri huweza kudumu kwa misimu kadhaa. Kwa mfugaji, basi, habari ya mvua iliyonyesha mwezi uliopita umbali wa kilomita 300 ilikuwa na thamani kuliko fedha.

Wanyama wa jangwa hili wanaishi kwa ujanja wa kutokunywa. Dhabb, mjusi mnene mwenye mkia wa miiba ambaye Mabedui, yaani wafugaji wa jangwani wanaohamahama, humwinda na kumla, hupata maji yake yote katika majani anayotafuna na hujificha joto katika shimo refu alilolichimba mwenyewe. Paka wa mchangani ana manyoya hadi kwenye nyayo, hivyo haungui wala haachi alama za kusomeka kwa urahisi. Wamo pia mbweha, sungura, swala, nyoka wanaojizika wakabakiza macho, na tandawala, ndege mkubwa wa nchi kavu ambaye wawindaji wa Ghuba humsaka kwa kozi waliofundishwa. Mbuni wa Uarabuni hayupo tena; bunduki na magari vilimmaliza kabla ya katikati ya karne ya 20 katika sehemu kubwa ya makazi yake.

Mnyama anayestahili kuelezwa kwa kirefu ni choroa mweupe, ndugu wa choroa wanaoonekana Samburu nchini Kenya na Mkomazi nchini Tanzania, ila yeye ni mdogo zaidi, mwenye ngozi nyeupe inayorudisha mwanga wa jua na kwato pana zisizozama mchangani. Mchana wa kiangazi hulala kivulini katika kishimo alichokichimba hadi kuufikia mchanga ulio baridi zaidi, na badala ya kupoteza maji kwa kutoa jasho huliacha joto la mwili wake lipande, kisha usiku hulitoa hewani bila gharama. Hula usiku na alfajiri, wakati mimea iliyokuwa mikavu imenyonya unyevu wa hewa, na katika Jiddat al-Harasis, tambarare ya changarawe iliyo kati ya mchanga na bahari ya Arabuni, hulamba ukungu unaotanda majani na hata manyoya ya wenzake. Kwa njia hiyo anaweza kukaa miezi bila kuona dimbwi. Jambo la kuzingatia zaidi, kwa kuwa ndilo litakaloamua mengi huko mbele, ni kwamba choroa hutambua mvua ya mbali na huondoka kuifuata, akivuka makumi ya kilomita kwa usiku mmoja.

Binadamu waliishi kwa kanuni hiyohiyo ya kuhama. Makabila ya Al Murrah upande wa Saudia, Rashid na Bait Kathir upande wa kusini, Manasir upande wa kaskazini mashariki, na Harasis katika tambarare iliyobeba jina lao, yalifuata nyasi katika nchi ambayo visima vyake vingi vina maji ya chumvi yasiyonyweka na mtu. Hapo ndipo ilipo siri ya maisha yote ya humo: ngamia hunywa maji ambayo binadamu hawezi kuyanywa, hula vichaka ambavyo binadamu hawezi kuvila, na hutoa maziwa, hivyo familia iliweza kukaa wiki nyingi mbali na kisima chochote kitamu kwa kutegemea maziwa peke yake. Mwanaanthropolojia Donald Cole, aliyeishi na Al Murrah mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1975, alieleza jamii inayosafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa mwaka na mahema yaliyofumwa na wanawake wake, jamii yenye ratiba na mipaka inayoeleweka, wala si kundi la watanga njia. Umahiri wao wa kusoma nyayo, uliowawezesha kumtambua ngamia mmoja mmoja kwa alama ya unyayo na kujua ametoka wapi kwa kuangalia kinyesi chake, uliwafanya polisi wa Saudia wawaajiri kufuatilia wahalifu.

Pamoja na umahiri huo kulikuwa na sheria. Hima, utaratibu wa kale wa Uarabuni wa kulitenga eneo la malisho na kulifunga kwa muda ili lipumzike, uliwapa wenyeji haki ya kumwambia mgeni asubiri, na haki hiyo ilifungamana na wajibu wa kumsaidia mgeni huyo pale atakaposhikwa na ukame kwao. Mwaka 1953 serikali ya Saudia iliondoa kwa amri ya kifalme haki za makabila juu ya malisho, ikayafanya yawe wazi kwa raia wote, na bila shaka nia ilikuwa kuunganisha taifa na kukomesha ugomvi. Matokeo yake kwa nyasi yalikuwa yale ambayo mfugaji yeyote wa Kajiado au Monduli angeyatabiri.

Watu wa nje walichelewa kuingia, na walipoingia walihesabu safari zao kama uvumbuzi. Mwingereza Bertram Thomas, aliyekuwa waziri wa Sultani wa Muscat, aliondoka Salalah Desemba 1930 na kufika Doha Februari 1931, akiwa Mzungu wa kwanza anayejulikana kulivuka jangwa hilo, lakini aliyempitisha ni Sheikh Salih bin Kalut wa kabila la Rashid, ambaye aliwajua walinzi wa kila eneo na kupanga ngamia wa kupokezana njiani. Mwaka uliofuata St John Philby, mshauri wa Mfalme Abdulaziz, alikwenda kuutafuta mji wa hadithi uitwao Wabar ulioangamizwa kwa moto wa mbinguni, na alichokikuta ni mashimo yaliyochimbwa na kimondo, yaani jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani; alivunjika moyo, ingawa ni vigumu kuona kwa nini, maana hadithi ilikuwa imemwambia ukweli karibu wote. Wa tatu, Wilfred Thesiger, alivuka mara mbili kati ya 1946 na 1948 pamoja na vijana wa Rashid, Salim bin Kabina na Salim bin Ghabaisha, na kitabu chake cha 1959 ndicho kilichowafanya wasomaji wa Ulaya waliwaze jangwa kama mahali pa utakaso. Thesiger, ambaye baadaye aliishi miaka mingi Maralal miongoni mwa Wasamburu, aliyachukia magari na kuwasikitikia Mabedui walioyapanda, na aliporudi Uarabuni mwaka 1977 hakuficha kukerwa kwake. Masikitiko hayo yanahitaji kupokelewa kwa tahadhari. Yeye alikuwa na nauli ya kurudi kwao kila msimu, ilhali wenzake walikuwa na watoto waliokufa kwa magonjwa yanayotibika, visasi visivyokwisha, na miaka ya njaa ambayo hakuna kitabu kinachoweza kuipamba.

Kinachosahauliwa kuhusu Thesiger ni aliyemlipa. Hakutumwa kutafuta utakaso bali nzige, akiwa mtumishi wa kikosi cha kupambana na nzige cha Mashariki ya Kati, kilichotaka kujua kama mafuriko yanayoshuka kutoka milimani hadi kwenye mchanga huwapa wadudu hao mazalia. Tangu mwaka 1921 mtaalamu Boris Uvarov alikuwa ameonyesha kwamba panzi mpweke asiye na madhara na nzige wa kundi ni mdudu mmoja mwenye hali mbili: mvua ikiotesha majani, panzi huzaliana, majani yakinyauka, hubanana kwenye sehemu chache zilizobaki, na kule kugusana hubadili rangi yao, umbo lao na tabia yao, tunutu wao, yaani wale wachanga wasio na mabawa, wakaanza kutembea kwa safu, na wakubwa wakaruka pamoja. Kwa hiyo nzige huzuiwa kwa gharama ndogo pale tu wanapogunduliwa mapema, na katika miaka ya 1940 njia ya kuwagundua ilikuwa kuwauliza Mabedui mvua imenyesha wapi.

Mei 2018 kimbunga Mekunu kilipiga karibu na Salalah na kumwaga maji hadi katikati ya Rub' al Khali, maziwa ya muda yakaonekana baina ya matuta, na Oktoba mwaka huohuo kimbunga Luban kikaongeza maji mengine. Kwa mujibu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, nzige walizaliana humo kwa vizazi vitatu bila kugunduliwa, wakaongezeka kiasi cha mara 8,000. Makundi yaliyotoka humo yalikwenda Yemeni, ambako vita vilikuwa vimezivunja timu za kupambana nayo, na pia Irani. Kutoka Yemeni yakavuka Ghuba ya Aden, yakapata mvua nzuri katika Pembe ya Afrika yakazaa tena, na mwishoni mwa Desemba 2019 yakaingia Kenya kwa uvamizi ambao nchi hiyo haikuwa imeuona kwa miaka 70. Februari 2020 yalikuwa Uganda na Tanzania, na hata Kongo, iliyokuwa haijawaona tangu 1944. Kundi la kilomita moja ya mraba hula kwa siku chakula kinacholingana na cha watu 35,000, na makundi ya Kenya hayakuhesabika kwa kilomita moja moja. Serikali zilitafuta ndege na dawa, vijana wakapiga mabati na mavuvuzela mashambani Kitui na Meru, na maelezo yaliyotolewa na wengi yalikuwa kwamba nzige wameletwa na mabadiliko ya tabianchi, ambayo kweli yameipasha joto bahari ya Arabuni na kuongeza uwezekano wa vimbunga. Maelezo hayo ni sahihi ila ni nusu. Maji yalionekana kwa setilaiti, na majani pia. Ambacho setilaiti haikuweza kukiona ni panzi aliye chini ya jani, na mtu wa kumwona hakuwepo.

Haiwezekani kudai kwamba Mabedui wangelizuia janga hilo kama wangelikuwa bado wametapakaa mchangani kama enzi za Salih bin Kalut, kwa sababu nao hawakuwa na dawa wala simu za setilaiti, na historia imejaa nzige waliovamia licha ya wao kuwepo. Lakini habari ingelitoka. Mwaka 1946 mvua kubwa ndani ya jangwa ingelikuwa gumzo kwenye visima vyote vya pembezoni kwa muda mfupi. Mwaka 2018, katika nchi tajiri zaidi za eneo hilo, vizazi vitatu vya nzige vilipita kimya. Kati ya miaka hiyo miwili kuna mafuta, shule, hospitali, mipaka na nyumba za saruji, mambo ambayo wafugaji wengi waliyakimbilia kwa hiari yao na ambayo hakuna mwenye haki ya kuwalaumu kwayo. Mipaka ya nchi, iliyochorwa rasmi kati ya Omani na Saudia mwaka 1990, Omani na Yemeni mwaka 1992, na Saudia na Yemeni mwaka 2000, iliyakata malisho ya watu ambao awali hawakuwa na haja ya kujua wako nchi gani, na athari zake ziliwafuata hata mijini, kama ilivyokuwa kwa maelfu ya watu wa ukoo wa Al Ghufran, tawi la Al Murrah, waliovuliwa uraia wa Qatar katikati ya muongo wa 2000 kabla ya wengi wao kurudishiwa. Pale Shaybah, ukingoni kaskazini, palipogunduliwa mafuta mwaka 1968 na kuanza kuzalisha mwaka 1998, kiwanja cha ndege na mabomba vimejengwa katikati ya matuta marefu. Kwa hiyo jangwa halikukosa watu. Lilibadilishiwa watu, na wale wapya wanafanya kazi kwa zamu na hawana sababu ya kujua zahra imechipua wapi.

Historia ya choroa inaonyesha jambo hilohilo kwa uwazi zaidi. Magari na bunduki za rashasha vilimpunguza kwa kasi baada ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1962, ilipodhihirika kwamba atatoweka, chama cha Uingereza cha kuhifadhi wanyama kilituma msafara katika eneo la mashariki la Aden chini ya Ian Grimwood, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Kenya. Msafara ulikamata wanne, mmoja akafa, na watatu waliobaki wakaletwa Isiolo, penye hali ya hewa waliyoizoea, wakatunzwa hapo kabla ya kupelekwa bustani ya wanyama ya Phoenix, Arizona, nchini Marekani. Wakiongezewa mmoja kutoka London, mmoja kutoka Kuwait na wanne waliotolewa na Mfalme Saud, wakawa tisa, ndio mbegu ya kundi lililoitwa kundi la dunia. Hifadhi hiyo ilikuja kwa wakati, maana Oktoba 1972 wawindaji kutoka nje waliingia Jiddat al-Harasis na kuwaua choroa wa mwisho wa porini. Waharasisi, ambao wana lugha yao, Kiharsusi, isiyo Kiarabu bali ni ya jamii ya lugha za kale za kusini mwa Uarabuni, walishindwa kuwazuia.

Kwa amri ya Sultani Qaboos choroa walirudishwa Omani mwaka 1980, na Januari 1982 kundi la kwanza la kumi likafunguliwa milango pale Jaaluni, katika tambarare ileile. Waharasisi waliajiriwa kuwa walinzi, wakawafuata choroa kwa miguu na kwa magari, wakamjua kila mmoja, na kwa zaidi ya muongo mmoja hapakuwa na kisa cha ujangili. Mwaka 1994 eneo hilo likaandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 1996 choroa walikuwa wamefika 450. Mwaka huohuo ujangili ulianza, safari hii si kwa ajili ya nyama bali kuwakamata hai na kuwauza kwa matajiri wenye bustani binafsi, na katika muda wa miaka kumi walibaki 65. Mwanaanthropolojia Dawn Chatty, aliyefanya kazi na Waharasisi tangu mapema miaka ya 1980, ameeleza kwamba mradi uliwapa kazi bila kuwapa sauti: mipango ilichorwa na wataalamu wa kigeni pamoja na maofisa wa Muscat, wafugaji wakahesabiwa kuwa tatizo la malisho, na maombi yao ya nyumba, barabara na visima yakagongana na masharti ya hifadhi. Mtu wa namna hiyo hulinda kwa sababu ya mshahara, na mshahara wa mlinzi haukuwa na ubavu wa kushindana na bei ya choroa mmoja. Mwaka 2007, baada ya Omani kupunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90 kwa ajili ya utafutaji wa mafuta, Kamati ya Urithi wa Dunia iliifuta katika orodha yake, ikiwa ni mara ya kwanza kabisa kwa mahali popote duniani kufutwa.

Choroa hawakuisha, na mwaka 2011 walihamishwa kutoka daraja la wanyama walio hatarini kutoweka na kuwekwa daraja la chini yake, jambo ambalo kwa mnyama aliyewahi kutoweka kabisa porini halikuwa limetokea kabla. Wengi wao, hata hivyo, wanaishi ndani ya uzio, na uzio una bei yake. Katika hifadhi ya Mahazat as-Sayd, magharibi mwa Saudia, iliyozungushiwa waya eneo lote la kilomita za mraba zaidi ya 2,200, mamia ya choroa walikufa katika vipindi vya ukame baada ya mwaka 1999, si kwa sababu mvua ilikuwa haijanyesha popote bali kwa sababu ilinyesha upande wa pili wa waya. Saudia ilijifunza kitu, kwa kuwa Uruq Bani Ma'arid, hifadhi ya zaidi ya kilomita za mraba 12,750 katika ukingo wa magharibi wa Rub' al Khali, ambako choroa walianza kurudishwa mwaka 1995, haina uzio, na Septemba 2023 iliingizwa katika orodha ileile ya Urithi wa Dunia ambamo hifadhi ya Omani ilifutwa. Ndani yake kuna sehemu ambamo malisho ya mifugo yamekatazwa kabisa na sehemu ambamo yanaruhusiwa kwa masharti, na ni katika mpaka huo usioonekana kwa macho ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa choroa na ngamia hufuata mvua ileile. Mfugaji wa siku hizi hupata habari ya mvua kwa simu, hupakia ngamia wake kwenye lori na kuvuta tangi la maji nyuma, jambo linalomwezesha kukaa mahali pasipo na kisima hadi jani la mwisho liishe, na anapowasili hukuta malori mengine yamekwisha kutangulia, maana tangu mwaka 1953 hakuna kabila lenye haki ya kumwambia mgeni angoje.